Itikadi kali za zamani katika lugha mpya: kijana atazitambuaje?

Msomaji Mgeni:
Ndugu zangu, salaam. Nimekuwa nikifuatilia makundi ya vijana wa Ulaya yanayojiita ya utambulisho. Hayavai alama za Wanazi, yanakana kubagua rangi, na hotuba zake zimejaa maneno kama "utamaduni" na "haki ya kuwa tofauti". Je, hii ni itikadi mpya kweli? Na kama ni ile ile ya zamani, kijana wa miaka 17 atajuaje?

Mpenda Historia:
Kipya kinyemi ingawa kidonda. Baada ya 1945, aliyehubiri damu na rangi waziwazi hakupata wa kumsikiliza ila wachache. Mwaka 1968 mwanafikra Alain de Benoist na wenzake walianzisha GRECE, kikundi cha wanafikra wa mrengo mkali wa kulia, nchini Ufaransa, na baada ya muda fikra za kambi hiyo zikaacha kudai kwamba watu fulani ni duni, zikadai badala yake kwamba kila jamii ina haki ya kubaki ilivyo, mradi ibaki kwao. Uzito wote uko kwenye hilo "kwao": kumfukuza mhamiaji kunageuzwa kuwa heshima kwa utamaduni wake. Génération Identitaire, iliyozaliwa mwaka 2012, iliirithi lugha hiyo, ikaongeza mabango yenye herufi ya Kigiriki na video zilizotengenezwa kwa ustadi, hadi serikali ya Ufaransa ilipoivunja Machi 2021.

Marekani nako, David Duke, aliyewahi kuongoza Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi wa rangi, alivua kanzu ya kundi hilo, akavaa suti, akaanza kuzungumzia "haki za Wazungu", na mwaka 1989 akachaguliwa kuingia bunge la jimbo la Louisiana.

Mdadisi:
Nakubaliana nawe, lakini suti ni mbinu ya kizazi kilichopita. Siku hizi mlango ni utani. Mwongozo wa waandishi wa tovuti ya Wanazi mamboleo, Daily Stormer, uliovuja mwaka 2017, ulielekeza kwamba msomaji mgeni asiweze kutambua kama wanatania. Kijana hucheka kwanza, na anayempinga huambiwa hana ucheshi. Ila utani huo una mwisho wake: muuaji wa Christchurch, New Zealand, aliyewaua watu 51 misikitini mwaka 2019, alipachika vichekesho vya mtandaoni katika waraka wake, na kabla ya hapo alikuwa amechangia fedha kwa makundi hayo hayo ya utambulisho.

Msomaji Mgeni:
Nashukuru. Lakini hamjanijibu kuhusu kijana.

Mpenda Historia:
Kweli, nilirefusha. Makundi haya hudai wahamiaji "warejeshwe makwao". Basi kijana aulize: mtu aliyezaliwa Lyon, na wazazi wake wakazaliwa Lyon, anayeongea Kifaransa peke yake, atarejeshwa wapi? Wakianza kumtafuta babu yake, hapo hawazungumzii tena utamaduni.