Naomba ushauri: kumpeleka mama Bolivia bila kuugua kimo

Wakuu, habari zenu. Bolivia imeniteka moyo, sasa nataka kurudi na mama. Hofu yangu ni kimo, yaani urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari. Uwanja wa ndege wa El Alto, karibu na La Paz, uko zaidi ya mita 4,000. Ukitoka Dar ukashukia hapo moja kwa moja, kichwa kinauma, unapata kichefuchefu na usingizi unapaa, maana oksijeni ni haba na mwili haujazoea. Hivyo tutaanzia Santa Cruz, kama mita 400, kisha Sucre, mita 2,800, ndipo Uyuni, penye uwanda mkubwa wa chumvi, mita 3,650. Siku tatu Sucre zinatosha? Na asetazolamidi (dawa ya kuzuia ugonjwa wa kimo) mama aanze kabla ya Sucre au Uyuni? Tunakwenda Februari kwa ajili ya maji yanayoakisi mbingu juu ya chumvi (uzuri wake hauelezeki!), ingawa mvua ikizidi magari hayafiki kisiwa cha Incahuasi, kilicho katikati ya chumvi hiyo. Cheti cha homa ya manjano tunacho.