Naombeni ushauri: nasafiri na mama kwa meli ya kitalii usiku 7, tufungashe nini?

Nuru_K
Wakuu, habari zenu. Mwezi ujao nampeleka mama matembezi kwa meli ya kitalii, usiku 7, bandari 4. Hatujawahi kupanda meli kubwa. Mama ana presha na anameza dawa kila asubuhi. Kitanda chake kimejaa nguo, pasi ya umeme, birika na viatu jozi 6, na mimi sijui nimwambie aache nini. Waliowahi kusafiri hivi, nisaidieni.

Msafiri_Mkongwe
Dada, hongera kwa kumkumbuka mama. Wengi watakuambia habari za nguo. Mimi naanza na begi dogo la mkononi, maana ndilo litakaloamua siku yenu ya kwanza.

Mkifika bandarini, wapagazi watachukua masanduku, yatapitishwa kwenye ukaguzi, kisha yataletwa mlangoni mwa kabini. Hilo linaweza kuchukua saa nyingi. Safari yangu ya kwanza niliweka dawa za kisukari za mke wangu kwenye sanduku kubwa, likatufikia baada ya chakula cha jioni. Mchana kutwa nilikuwa nazunguka kuulizia, naye amekaa kimya kitandani. Sitasahau.

Kwa hiyo begi la mkononi liwe na pasipoti, dawa ZOTE za mama, miwani, chaja, nguo za kubadili na za kuogelea. Dawa zibaki kwenye pakiti zake, pamoja na cheti cha daktari, na ziwepo za siku 3 au 4 za ziada. Meli ikichelewa kurudi, hamtataka kuhangaika na famasi msiyoijua.

Binti_Sitaha
Pasi na birika viacheni nyumbani. Meli nyingi zinavikataza, pamoja na mishumaa na ekstensheni za kukinga umeme mkubwa, kwa sababu ya hatari ya moto. Moto katikati ya bahari ni jambo zito. Vikikutwa kwenye ukaguzi vinashikiliwa mpaka mwisho wa safari.

Chagueni nguo zisizojikunja ovyo. Iliyojikunja itundikeni bafuni wakati mnaoga maji ya moto, itanyooka kiasi.

Kabini ni ndogo kuliko mnavyofikiria. Sanduku tupu linasukumwa chini ya kitanda, basi msilete lile kubwa kupita kiasi. Kuta za kabini kwa kawaida ni za chuma, kwa hiyo kulabu chache zenye sumaku zitawasaidia kutundika kofia, mikoba na mtandio wa mama.

Nuru_K
Asanteni sana, pasi nimeshaitoa! Na mavazi ya jioni je? Na bahari ikichafuka?

Kaka_Pwani
Safari ya usiku 7 mara nyingi ina jioni 2 za kuvaa rasmi, ila kila kampuni ina taratibu zake, zisomeni mapema. Gauni 1 zuri na mitandio 2 tofauti vinatosha kabisa. Sweta ni lazima: kumbi za kulia zina kiyoyozi kikali, na sitahani usiku kuna upepo. Viatu jozi 3, na jozi moja iwe bapa isiyoteleza, sakafu ya sitaha hulowa.

Kuhusu kulevywa na bahari, bebeni vidonge vyenye dimenhydrinate, vimezwe kabla ya mawimbi kuanza.

Msafiri_Mkongwe
Kaka, hapo tuwe waangalifu. Vidonge hivyo vinaleta usingizi, na mama ana dawa zake. Amuulize daktari wake kwanza. Kama hamjachagua kabini, chukueni ya katikati ya meli, sitaha za chini. Huko mtikisiko ni mdogo.

Abiria_wa_Tatu
Hamjagusia viza. Meli ikitoka eneo mlilopewa viza kisha ikarudi, ile ya kuingia mara moja haitoshi. Kwa mfano, ukianzia Barcelona, ukapita Tunis, halafu ukashuka Marseille, umetoka Schengen (eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) na kuingia tena, unahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Kagueni ratiba ya bandari leo, wala msisubiri. Na simu ziwekeni kwenye hali ya ndege mkishang'oa nanga, mtandao wa simu wa melini ni ghali mno.

Binti_Sitaha
Nimesahau usiku wa mwisho! Masanduku huwekwa nje ya mlango wa kabini usiku, yanabebwa mkiwa mmelala, mnakutana nayo bandarini. Kuna watu hubaki na nguo za kulalia tu asubuhi. Kwanza wekeni kando nguo za kushukia, viatu, pasipoti na dawa za mama za asubuhi, ndipo mfunge zipu.

Nuru_K
Mungu awabariki. Dawa zimehamia begi dogo sasa hivi, na kesho nampeleka mama kwa daktari wake kuulizia vile vidonge.