Msaada wakuu: kompyuta inawaka lakini Start haipo

Mgeni wa Kipanya: Habari wakuu. Kompyuta inawaka vizuri ila skrini tupu: Start hakuna, ikoni hakuna, hata alama ya kushusha dirisha haipo, kuna X peke yake. Nina haraka, nianzie wapi?

Kibodi Mbovu: Sisi tulianza na Windows 95, ndiyo iliyoleta hiyo Start. Siku ya kwanza nikaambiwa peleka kipanya juu, nikakinyanyua hewani. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Ninyi mnataka kutafuniwa.

Bibi Faili: Mkuu, hiyo si Windows, ni GNOME, sura ya skrini ya Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta. Alama ya kushusha dirisha waliiondoa tangu 2011. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows, madirisha yote yatajipanga, kisha andika jina la programu unayoitaka. Kushusha dirisha, shikilia kitufe hichohicho pamoja na H. Ila umefikaje humo?

Mgeni wa Kipanya: Imekubali, asante sana! Nimeweka Fedora, aina ya Linux, nasikia ni nyepesi.

Bibi Faili: Ulipoulizwa, ulichagua ikae pamoja na Windows au ifute diski?

Mgeni wa Kipanya: Kwani hilo linahusiana vipi na Start?

Bibi Faili: Jibu.

Mgeni wa Kipanya: Ifute. Lakini mimi sikuwa na faili humo, mashine ni ya shemeji yenu. Kila siku analalamika nzito, nikaona nimsaidie. Nimemwambia ni apdeti. Na kusema ukweli, sasa inawaka haraka.

Mzee wa Baraza: Unamdanganya mama watoto kwa kompyuta, kesho utamdanganya kwa makubwa.

Sibabaiki: Chai hii. Asiyejua kushusha dirisha aliandaaje flashi ya kusakinishia?

Mgeni wa Kipanya: Flashi niliazima. Mimi nilikuwa nabonyeza "Endelea" tu.

Kibodi Mbovu: Chai, tena imekolea tangawizi. Weka picha.

Bibi Faili: Iwe chai isiwe chai, usihifadhi wala kupakua kitu humo. Faili zilizofutwa huenda zikaokolewa kama hakijaandikwa kitu kingine juu yake. Kama diski ni SSD, ile isiyo na sahani inayozunguka, matumaini ni madogo. Ana nakala kwingine?

Mgeni wa Kipanya: Nikimuuliza atashtuka. Halafu nilishaanza kupakua mandhari ya kuifanya ifanane na Windows.

Bibi Faili: Zima mashine sasa hivi.

Mgeni wa Kipanya: Zimebaki dakika 3 tu mkuu.