Mjadala: Kokasi za Minnesota ziendelee kuidhinisha wagombea, au kazi hiyo iachiwe mchujo wa Agosti?

Mleta mada

Kila baada ya miaka miwili, Jumanne moja mwanzoni mwa mwaka, vyama vya jimbo la Minnesota, Marekani, huitisha kokasi, yaani mikutano ya chama ya kila eneo, saa 1 jioni. Wapiga kura wa eneo moja hukutana chumba kimoja, mara nyingi darasani au kwenye bwalo la shule. Wanachagua viongozi wa chama wa eneo lao, wanapitisha maazimio na kuchagua wajumbe wa mkutano wa ngazi ya juu. Kupitia mikutano hiyo ya juu ndipo mgombea hupata uidhinisho wa chama, na akitaka uidhinisho wa jimbo zima anahitaji asilimia 60 ya kura za wajumbe.

Msimamo wangu: uidhinisho ufutwe. Mchujo wa Agosti, yaani kura ya wananchi ya kuchagua mgombea wa kila chama, una siku 46 za kupiga kura mapema, na siku yenyewe vituo viko wazi kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 2 usiku. Kokasi ni jioni moja tu, kwenye baridi kali. Mhudumu wa nyumba ya wazee Brooklyn Park aliye shifti ya jioni anachaguliwa mgombea na wengine. Mwaka 2016 kura ya urais ilipigwa kwenye kokasi, foleni zikafurika nje ya shule, na bunge la jimbo likaihamishia kwenye mchujo, uliotumika kwa mara ya kwanza 2020. Kama ya urais ilihamishwa, ya gavana na ya mbunge inangoja nini?

Shifti ya Jioni

Kuhusu kazini, ndugu, sheria ya jimbo ipo. Mfanyakazi mwenye haki ya kuhudhuria kokasi ya chama kikuu anaruhusiwa kuondoka kazini kwa muda wa kokasi, mradi ametoa taarifa ya maandishi siku 10 kabla. Mwajiri anaweza kukata malipo ya saa ambazo hukufanya kazi, lakini haruhusiwi kukuadhibu.

Watu wanakwama kwa sababu wanamwambia msimamizi kwa mdomo, au wanatuma ujumbe ikibaki siku mbili. Andika tarehe, saa na mahali, utaje kwamba ni kokasi ya chama, ubaki na nakala. Ukishindwa kabisa, DFL (ndio Democratic wa hapa Minnesota) hupokea fomu ya asiyehudhuria, unayoomba kwayo kufikiriwa kuwa mjumbe.

Hata hivyo nakubaliana na mleta mada kwa nusu. Saa tatu za mshahara si kitu kidogo kwa anayelipwa kwa saa.

Mhesabu Vikundi

Mimi nataka kokasi zibaki, na sababu yangu ni hesabu. Pale ambapo wanaotaka kuwa wajumbe ni wengi kuliko nafasi, DFL hugawa nafasi kwa kutembea: kila upande unatangaza jina la kikundi chake, la mgombea au la hoja, watu wanasimama kwenye kona zao, wanahesabiwa.

Chukua chumba chenye watu 60 na nafasi 8. 60 kugawa kwa 8 ni 7.5, inapandishwa kuwa 8. Kikundi chenye watu chini ya 8 kinavunjwa, watu wake wahamie kwingine. Tuseme A wana 27, B 19, C 9, D 5. D wamevunjwa.

Watatu wakienda B na wawili C, tunapata 27, 22 na 11. Gawa kila moja kwa 7.5: 3.6, 2.933 na 1.466. Namba nzima zinatoa nafasi 3, 2 na 1. Zimebaki mbili, na huenda kwa desimali kubwa zaidi, yaani B kisha A. Matokeo: A 4, B 3, C 1.

Sasa hao watano wa D waende wote C: 27, 19, 14. Inakuja 3.6, 2.533, 1.866. Nafasi zinazobaki ni za C na A. Matokeo: A 4, B 2, C 2. Watu watano tu wamehamisha mjumbe mmoja! Kwenye mchujo wa jimbo zima kura tano hazionekani kabisa. Jamii yetu ya wahamiaji ni ndogo, na hapa udogo wetu una uzito, ilimradi tusitawanyike.

Makosa ninayoyaona kila mara: kuondoka baada ya hesabu ya kwanza, ilhali ya pili ndiyo inayogawa nafasi, na kikundi kusahau kwamba baada ya kupata nafasi lazima kichague wajumbe na wajumbe wa akiba kwa majina. Tena maeneo mengi wanaofika ni wachache kuliko nafasi, na anayetaka ujumbe huupata bila kushindana.

Mleta mada

Hesabu yako ni safi, lakini ukipanda juu mambo yanaharibika. Julai 2025 mkutano wa DFL wa jiji la Minneapolis ulimwidhinisha Omar Fateh kugombea umeya. Mwezi uliofuata chama cha jimbo kikafuta uidhinisho huo, kikisema upigaji kura wa kielektroniki ulikuwa na kasoro: kura za mzunguko wa kwanza hazikuhesabiwa zote, na mgombea mmoja akaenguliwa kimakosa. Na hata mkutano ukienda sawa, wapiga kura huupindua. Mwaka 2010 Mark Dayton hakuuomba uidhinisho, akashinda mchujo, akawa gavana. Mwaka 2018 mkutano wa DFL mjini Rochester ulimwidhinisha Erin Murphy kugombea ugavana, na Tim Walz akamshinda Agosti.

Mhesabu Vikundi

Hiyo ni ngazi ya gavana, ambako mgombea ana fedha za kutosha kwenda mchujo bila chama. Kwenye kiti cha bunge la jimbo, wagombea wengi huahidi kuheshimu uidhinisho, na aliyeukosa hujitoa. Basi mchujo wa Agosti unakuta jina moja. Ukifuta uidhinisho, mwenye pesa za vipeperushi ndiye atakayejulikana. Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, aliingia bunge la jimbo kwa uchaguzi wa 2024 kutoka wilaya ya 38A. Kwenye viti vya ukubwa huo watu wachache waliojipanga wanasikika.

Kasoro ya Minneapolis dawa yake ni kura za karatasi, na orodha ya wajumbe ihakikiwe kabla ya mzunguko wa kwanza.

Mgeni wa Rochester

Samahanini wakubwa. Mwenye green card anaruhusiwa? Na kijana wa miaka 17?

Shifti ya Jioni

Kijana anaruhusiwa, mradi atimize 18 kufikia uchaguzi wa Novemba na awe raia. Kupiga kura na kuwa mjumbe ni kwa atakayekuwa na sifa ya mpiga kura uchaguzi mkuu ujao, kwenye eneo analoishi, na kwa chama kimoja tu mwaka huo. Huhitaji kadi ya chama. Minnesota haisajili wapiga kura kwa vyama.

Dada au kaka mwenye green card aketi asikilize, lakini asitie sahihi fomu inayosema ana sifa ya kupiga kura. Anayeandikisha watu mezani akimwambia "saini tu, hakuna shida", akatae. Kudai uraia usio nao kunaweza kumfungia mtu mlango wa uraia kabisa. Kama ana hoja, amwandikie raia anayemwamini iwe azimio: hoja moja kwa karatasi moja, sentensi inayosema chama kitake nini hasa, na huyo raia aisome kwa sauti kokasi ikifika kwenye maazimio.