Bwawa la nyumbani Kigoma: uchafu unarudi chini kila asubuhi, nisaidieni kujua ni nini

BintiUjiji
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa mwenye uzoefu na mabwawa ya kuogelea. Nyumbani tuna bwawa dogo la zege lenye vigae, filta ni ya mchanga, na tunajaza maji ya bomba, haya yanayovutwa kutoka ziwani. Jioni tunafyonza sakafu mpaka inang'aa, asubuhi uchafu umeshatua tena. Maji yenyewe ni maangavu, unaona hadi chini. Sizungumzii majani wala wadudu, hao tunawatoa kwa wavu.

Fundi wa kwanza alisema ni vumbi la kiangazi. Wa pili akasema ni mwani, tuongeze klorini ya unga. Tukaongeza, na kwa macho yangu uchafu umezidi. Kabla sijatoa hela nyingine nataka kujua kwanza ni kitu gani. Watoto wa dada yangu wanakuja likizo, sitaki waingie kwenye maji nisiyoyaelewa.

Mzee wa Gungu
Pole mwanangu. Kipindi hiki mashamba yanachomwa, majivu yanapeperuka mpaka mjini. Funika bwawa usiku kucha kwa turubai. Kama kitu kinatoka angani, asubuhi sakafu itakuwa safi.

BintiUjiji
Shikamoo mzee. Turubai tumeshajaribu, uchafu ulikuwepo vilevile.

Mzee wa Gungu
Marahaba. Basi vumbi na majivu viondoe kwenye hesabu.

Kaka_Mwanga
Dada, huo ni mwani uliokufa. Ni laini mno, unapenya kwenye mchanga wa filta na kurudi bwawani. Piga klorini nyingi usiku, jua likiwa halipo la kuiunguza, acha pampu izunguke hadi asubuhi.

Fundi wa Mabwawa
Kaka, mwani uliokufa kweli hufanya hivyo, lakini dada amesema klorini imezidisha tatizo. Tusimwage dawa kabla ya kuujua ugonjwa.

Dada, fanya hivi. Zima pampu, subiri maji yatulie, kisha chukua uchafu sehemu mbili: chini ya matundu ambayo maji ya filta yanarudia bwawani, na kule kwenye kina kirefu. Usichanganye. Sugua kila mmoja kati ya vidole. Mchanga unakwaruza, na ukiutibua unazama papo hapo. Mwani unateleza, ukiugusa kwa brashi unatimka kama moshi. Halafu kausha kidogo na udondoshee siki. Ukitoa mapovu, hiyo ni chokaa. Mchanga wa filta hautoi povu.

Jaribio la mwisho ndilo ninaloliamini zaidi. Funga soksi ndefu ya nailoni kwenye tundu la kurudishia maji, washa pampu, uiache ifanye kazi usiku. Kitakachonaswa humo kimepita kwenye filta, hakuna ubishi. Na upime pH, yaani kipimo cha kuonyesha kama maji yameelemea asidi au alkali.

BintiUjiji
Asante sana fundi, nimefanya yote. Chini ya matundu ni chembe zinazokwaruza, siki haikuzifanya kitu, na kwenye soksi zimejaa. Kwenye kina kirefu ni unga mweupe, laini, na siki imetoa mapovu. Kipimo cha pH kimefika rangi ya mwisho kabisa, 8.4, kwa hiyo huenda ni zaidi.

Fundi wa Mabwawa
Basi una matatizo mawili, ndiyo maana kila fundi alikuwa anakisia.

Unga mweupe unatokana na maji yetu na hiyo klorini. Maji ya Ziwa Tanganyika kwa asili pH yake iko karibu na 9, na yamebeba kabonati nyingi. Klorini ya unga mnayotumia ni ya kalsiamu. Ukiimwaga kwenye maji ya namna hiyo, kalsiamu inashikana na kabonati, chokaa inatua chini. Ukiongeza klorini, unaongeza unga. Tena pH ikiwa 8.5, ni takriban sehemu moja tu ya kumi ya klorini yako inayoua vijidudu kwa nguvu, kwenye 7.5 ni kama nusu. Kwa hiyo shusha pH kwanza iwe kati ya 7.2 na 7.6 kwa asidi ya mabwawa, kidogo kidogo, pampu ikizunguka na mtu asiwe majini, upime tena baada ya saa kadhaa. Siku zote asidi ndiyo inayomwagwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Na isikutane na klorini kwenye ndoo moja, gesi yake inaua. Baadaye tumia klorini ya maji, haina kalsiamu.

Chembe ni mchanga wa filta. Chini ya mchanga huo kuna vibomba vya plastiki vyenye nyufa nyembamba. Kimoja kikivunjika, mchanga unapita. Fundi afungue filta, atoe mchanga wote, akague kila kibomba. Anaporudisha mchanga, bomba la katikati ya filta alizibe mdomo kwanza mchanga usiingie.

Kaka_Mwanga
Nimekubali, fundi. Mchanga wa kurudishia si anaweza kuchota ufukweni Kibirizi?

Fundi wa Mabwawa
Hapana. Huo una udongo na chembe za kila ukubwa. Ndogo zitapenya, kubwa zitaacha uchafu upite. Anunue mchanga wa filta uliooshwa, wa milimita 0.4 hadi 0.8. Kama wa zamani haujashikana mabonge wala kujaa mafuta, aurudishe huohuo.

BintiUjiji
Fundi wa hapa anakuja Jumamosi. Kuna kitu nimwambie asisahau?

Fundi wa Mabwawa
Ajaze maji nusu tangi kabla ya kumimina mchanga, usije ukadondokea vibomba na kuvivunja upya. Kisha aoshe filta kwa kurudisha maji kinyume mpaka yatoke safi, azime pampu, ageuze valvu kwenye kusuuza kwa dakika moja, azime tena, ndipo aiweke kwenye kuchuja. Wengi wanaruka kusuuza, na vumbi la mchanga mpya linaishia bwawani. Soksi irudishe usiku huo.