Nani kawaambia ndoto si falsafa? Nimechoka kudharauliwa

Wakuu, tangu juzi nina hasira hata chakula hakipiti.

Nasoma utangulizi wa falsafa, mwaka wa kwanza. Tuliambiwa tuandike insha, mada tujichagulie. Nikaandika juu ya ndoto. Karatasi imerudi, ukurasa wa kwanza umechorwa kalamu nyekundu kona hadi kona, na chini: "Peleka kwa mganga." 9 kati ya 30! Kurasa za ndani hazina hata tiki moja. Mwalimu hakuzifungua.

Angezifungua angemkuta Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki 1111, akiuliza: ukiwa ndotoni huna shaka na unachokiona, ukiamka unakuta hakina msingi, sasa haya unayoyaona ukiwa macho, uhakika wake umeutoa wapi? Angemkuta Descartes, mwanafalsafa Mfaransa, kwenye kitabu chake cha 1641, amekaa karibu na moto na joho lake, akikumbuka kwamba aliwahi kuota yuko hivyohivyo kumbe amelala kitandani. Na habari za huyo Descartes katufundisha mwalimu huyohuyo, wiki nzima! Akiota Mfaransa ni falsafa, nikiota mimi ni uganga?

Mimi nilimuota bibi yangu marehemu. Kanipa uji kwenye kikombe cha bati, kikaniunguza vidole, nikakihamishia mkono wa kushoto, nikapuliza. Nikamuuliza, "Bibi, mbona umekawia?" Wala sikushangaa kumwona. Sasa ile akili yangu inayojua fika kwamba tulimzika, ilikuwa wapi? Kama inaweza kuzima usiku na nisigundue, nitajuaje kama haijazima sasa hivi ninapoandika hapa?

Hata mpinzani nilimleta, Norman Malcolm, mwanafalsafa Mmarekani aliyeandika mwaka 1959 kwamba aliyelala fofofo hawezi kuamua wala kufikiri lolote, kwa hiyo hatuna haki ya kusema alidanganyika. Nilimjibu kwa kurasa mbili. Hazikusomwa.

Sisemi kila ndoto ni falsafa. Ukiota nyoka ukatafuta tafsiri, hiyo ni tafsiri na ina wenyewe. Falsafa inaanza pale unapoibana ndoto ikwambie imewezaje kukuaminisha.

Jana nimeomba isahihishwe upya, nikajibiwa muda wa malalamiko uliisha wiki iliyopita. Wiki iliyopita karatasi yenyewe nilikuwa sijapewa!

Kuna aliyewahi kupigania alama zake chuoni akazipata? Alianzia kwa nani?