Yusufu, Hamadi na maji ya bamvua

Bi Mwanaisha (Jambiani, Unguja): Asalaam aleikum wanangu. Wajukuu hawajambo, ila kuna jambo ambalo sitaki mlisikie kwa majirani. Leo mchana Yusufu wa Salim amekataa kula sinia moja na Hamadi wa Halima, akasema mbele ya watoto wa jirani kwamba yeye hali na mtu wa miaka tisa ambaye bado anasoma kwa kuunganisha herufi. Hamadi hakujibu neno. Aliinuka, akaenda kukaa barazani mpaka alasiri.

Halima: Shikamoo Mama. Nimesoma mara mbili, nami nashukuru kwamba umelileta hapa badala ya kulifunika.

Salim: Shikamoo Mama. Halima mdogo wangu, niwie radhi. Nimempigia Yusufu simu sasa hivi, nimemtaka amwombe mwenzake msamaha, naye ameomba. Ni mtoto wa miaka saba, nadhani tusilikuze jambo.

Rehema: Salim, msamaha wa kulazimishwa mtoto huutoa upesi ili arudi kucheza. Nimefundisha darasa la pili kwa miaka kumi na mmoja, na nimeona kwamba umri huo ndio ambao watoto huanza kujipima na wenzao kwa dhati. Kabla ya hapo kila mmoja hujiona ndiye mwenye mbio kuliko wote hata akifika wa mwisho. Akianza kujipima hutafuta kipimo, na kipimo hukichukua kwetu sisi wakubwa. Hebu rudini nyuma mtazame humu humu kwenye kundi letu la simu siku ripoti ya Yusufu ilipowekwa, wa kwanza kati ya watoto 61. Pongezi zilikuwa kumi na tisa, mbili kati yake zangu. Hamadi tumempongeza lini, na kwa lipi?

Zuhura: Wifi, hilo limenichoma kwa sababu picha ile niliiweka mimi. Lakini je, tumfiche mtoto kwamba amefaulu?

Rehema: Hapana, wifi yangu. Hata Baraza la Mitihani la Tanzania, lilipotoa matokeo ya kidato cha nne mwezi Januari 2023, halikumficha mtahiniwa alama zake. Kilichoachwa ni kuwatangaza wanafunzi kumi bora na shule kumi bora. Namna ya kusifu nayo ina uzito wake. Mueller na Dweck, wanasaikolojia wa Marekani, walichapisha utafiti mwaka 1998 wakionyesha kwamba watoto wa darasa la tano waliosifiwa kwa akili zao walikwepa kazi ngumu kuliko waliosifiwa kwa bidii, na wengi zaidi kati yao walitia chumvi walipotakiwa kuwaandikia watoto wengine alama walizopata. Ndiyo maana mtoto akijivuna sana mimi huuliza kwanza anaogopa kupoteza nini.

Salim: Nimekuelewa, Dada. Basi kesho nitampigia tena nizungumze naye kwa kirefu.

Bi Mwanaisha: Usimpigie. Keshokutwa ni bamvua, siku za maji makubwa, na maji yatakupwa mpaka mbali kwenye saa nne asubuhi. Miamba iliyofungwa isivuliwe ili pweza wakue imekwisha kufunguliwa. Hamadi hulitambua pango la pweza kwa makombe na vijiwe vilivyorundikwa mlangoni, na anajua saa ya kugeuka kabla maji hayajaanza kurudi, jambo ambalo wageni wengi wa hapa hawalijui. Nitawapeleka wote wawili, na Hamadi ndiye atakayetangulia. Hakuna atakayemhutubia Yusufu.

Halima: Mama, nina neno moja, na wifi yangu asinielewe vibaya. Sipendi mwanangu awe chombo cha kumfundishia mtoto mwingine adabu, kisha jioni aambiwe kwamba yeye ni wa pweza na mwenzake ni wa vitabu. Hamadi naye anataka kusoma. Usiku hujifunika shuka akirudia ukurasa mmoja mpaka usingizi umchukue, na hilo hakuna humu aliyelijua.

Zuhura: Sikulijua, Halima. Nisamehe.

Rehema: Umesema la maana kuliko yote niliyoyaandika. Nitavuka na boti Ijumaa, nikae na Hamadi kila asubuhi kwa muda wa likizo uliobaki. Siji kumlinganisha na mtu, na Yusufu asikae karibu kumsahihisha, maana najua atatamani.

Salim: Nami nitaacha kuuliza "umekuwa wa ngapi" kila anapotoka shule. Kusema kweli ndilo swali la kwanza nililokuwa nikiulizwa na marehemu Baba, nami sikuwahi kulifikiria.

Bi Mwanaisha: Baba yenu aliwauliza hivyo kwa sababu yeye hakupata kukaa darasani. Tuyaache hayo. Zuhura, mwanao hakuja na viatu vya kukanyagia miamba, nitamwazima vya Hamadi vya mwaka jana. Sasa hivi amekuja kuniuliza kama pweza anauma, nikamwambia akamuulize mwenzake. Bado amesimama mlangoni.